Bwana Hans Meyer na Barafu ya Kibo

Katika sharika zilizo chini ya mlima Kilimanjaro ni vigumu kumpata mtoto wa shule asiyelijua jina la Hans Meyer. Lakini wengi hulijua jina na mwaka tu, nao hudhani ya kuwa mtu yule alifika siku moja, akapanda, akashuka, akaenda zake. Sivyo ilivyokuwa. Mara mbili alishindwa kabla hajafika juu, na katika safari moja ya hizo hakufika hata mguuni pa mlima, bali alifungwa minyororo. Kwa hiyo tumeona vema kuyaeleza maisha yake hapa, na hasa habari ya barafu, na jinsi watu walivyoweza kuikanyaga pasipo kuteleza. Kwa maana wako vijana wa sharika zetu wapatao riziki yao kwa kuwachukulia wageni mizigo huko juu, na jambo hili ni lao.

Hans Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji mdogo wa Hildburghausen, nchi ya Ujerumani. Babu yake, Joseph Meyer, ndiye aliyeanzisha nyumba kubwa ya kupiga chapa vitabu, na kamusi yao ya maarifa yote ilisomwa katika nyumba nyingi za Wajerumani. Mwaka 1874 kazi hiyo ilihamishiwa Leipzig. Wakristo wa Kichaga walijua baadaye jina la mji huo kwa sababu nyingine, maana ndiko walikotoka wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893. Basi mtoto huyu alikua katika mali, naye akasoma elimu nyingi, akasafiri mbali, akaingia katika kazi ya jamaa yake. Angaliweza kukaa kitini maisha yake yote, akihesabu vitabu vilivyouzwa. Lakini moyo wake ulikuwa katika milima.

Hapana budi turudi nyuma kidogo. Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro alikuwa mmisionari, Johannes Rebmann, mtu wa Württemberg aliyetumwa na chama cha misioni cha Waingereza. Aliiona tarehe 11 Mei 1848. Kiongozi wake alikijua kile cheupe kwa jina la baridi tu, naye Rebmann akafahamu mara moja ni kitu gani, kwa kuwa alizaliwa katika nchi ya theluji. Alipoandika habari hizo Ulaya, wenye elimu wengine walimcheka, na William Desborough Cooley wa London akashikilia kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Hajafika hapa hata siku moja! Baadaye wakaja wengine. Baron von der Decken alipanda mwaka 1861 na tena 1862, na Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, aliigusa theluji mwaka 1871. Lakini juu hakufika hata mmoja wao.

Meyer alikuja mara ya kwanza mwaka 1887, umri wake miaka 29. Alipita Marangu, akapanda na mwenzake mmoja, Baron von Eberstein. Mwenzake alichoka akabaki nyuma, naye Meyer akaendelea peke yake mpaka akafika penye ukuta wa barafu. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo vitabu havikumfundisha. Ukuta ule haupandwi na mtu mmoja. Akiteleza, hakuna wa kumzuia kwa kamba. Na zaidi ya hayo hakuwa na vyombo vya kukatia njia. Akageuka, akashuka.

Mwaka 1888 akaja tena, pamoja na Oscar Baumann, mtu wa Austria. Safari hii alikuwa na watu wengi na mizigo mingi, naye alitaka kuzipita nchi nyingi sana. Wakafika Usambara. Lakini wakati ule watu wa pwani waliinuka kupigana na Kampuni ya Wadachi, iliyotaka kutwaa bandari zao, na kiongozi wao alikuwa Bushiri bin Salim. Wachukuzi wakatawanyika, mizigo ikapotea, na mabwana wale wawili wakakamatwa walipokuwa wakirudi kwenda Pangani. Walipigwa, wakatiwa minyororo, wakakaa katika hofu ya kufa. Hatimaye Bushiri akawafungua kwa fidia ya rupia 10,000. Meyer akarudi kwao hana kitu. Twaona vema kukumbuka hapa kwamba Bushiri naye alikuwa na neno lake, kwa kuwa nchi ile ilikuwa yao, wala hawakuulizwa na mtu ilipogawanywa. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, miezi miwili na siku chache baada ya mfungwa wake wa zamani kusimama juu ya Kibo.

Mtu mwingine angalisema, imetosha. Lakini Meyer alikaa akafikiri, akatafuta sababu za kushindwa kwake. Aliona sababu mbili. Ya kwanza ni chakula: wote waliopanda walilazimika kushuka upesi, kwa kuwa walipofika karibu na barafu akiba ilikuwa imekwisha. Ya pili ni barafu yenyewe, nayo ilihitaji mtu aliyezoea.

Mtu huyo akampata, jina lake Ludwig Purtscheller. Alizaliwa Innsbruck mwaka 1849, naye alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule ya Salzburg. Hakuwa tajiri. Siku za likizo alipanda milima ya kwao, na desturi yake ilikuwa kupanda pasipo kiongozi wa kulipwa, jambo lililohesabiwa na wengi kuwa ni wazimu. Mwaka 1885 alipanda mlima Meije huko Ufaransa pamoja na ndugu wawili, Emil na Otto Zsigmondy; na siku chache baadaye Emil akaanguka akafa katika mlima ule ule. Kwa hiyo Purtscheller alijua vizuri barafu ni kitu gani.

Ngoja tueleze kidogo, maana msomaji wa Tanga au wa Dar es Salaam aliyezoea barafu ya bilaurini hawezi kuufahamu ugumu huu. Theluji mpya ni laini, mguu huzama ndani yake. Lakini jua la mchana huiyeyusha juu juu, na baridi ya usiku huigandisha tena, na mambo hayo yakirudiwa siku nyingi, huwa gumu kama kioo. Mahali pa tambarare mtu huweza kutembea polepole. Mahali pa mtelemko akiteleza hawezi kujizuia, bali huenda kwa kasi mpaka akutane na jiwe au shimo. Kwa sababu hiyo wapandaji huondoka usiku wa manane, ili waikanyage theluji ingali imeshikana, kabla jua halijailainisha wakazama mpaka mapajani.

Watu wa milima ya Ulaya walikuwa na vyombo vyao tangu zamani. Kwanza ni viatu vizito ambavyo nyayo zake zimepigiliwa misumari yenye vichwa vikubwa. Pili ni shoka la barafu, lenye mpini mrefu kama fimbo. Upande mmoja wa chuma chake una ncha kama sululu, na upande wa pili ni bapa kama tezo. Tatu ni kamba ya kuwaunganisha watu viunoni, ili mmoja akianguka mwenzake amshike. Nne ni vyuma vyenye meno, vinavyofungwa chini ya viatu kwa mikanda. Wachungaji na wawindaji wa huko walivitumia zamani sana, lakini vilikuwa na meno machache. Ni mwaka 1908 ndipo Mwingereza Oscar Eckenstein alipovitengeneza vyema, vikiwa na meno kumi, na mwaka 1929 fundi wa Italia, Laurent Grivel, akaongeza meno mawili ya mbele, hata mtu akaweza kuukwea ukuta wa barafu kwa ncha za miguu yake. Hayo yote Meyer hakuyapata. Siku ile ya Kibo hakuwa hata na vile vyuma vya kale, bali viatu vya misumari tu.

Basi mwaka 1889 wakafika Mombasa, kwa kuwa pwani ya Pangani ilikuwa ingali katika vita, wakapita Taveta wakafika Marangu. Mangi Marealle akawapokea vizuri. Hapo Meyer akafanya jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lililomfikisha juu kuliko kamba na mashoka. Aliweka kambi tatu: kubwa Marangu, ya pili penye mwisho wa msitu, na ya tatu katika uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, kimo cha mita 4,330 hivi. Wachukuzi wakawa wakipanda kwa zamu, wakileta chakula na kuni kutoka chini kila baada ya siku chache. Tena kambi ya juu ilikuwa na mtu mmoja aliyekaa na mabwana wale muda wote, naye ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Fikirini, ndugu zetu: mtu wa pwani, aliyezaliwa penye minazi na joto, analala juu ya mawe, maji ya sufuria yakiganda usiku, naye alipika, akatunza moto, akangoja. Siku kumi na sita walikaa huko juu ya msitu na majani yote. Meyer mwenyewe alimsifu katika kitabu chake. Nasi twasema kwamba pasipo wachukuzi wale wa kambi hadi kambi, safari hii ya tatu ingalikwisha kama ya kwanza.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba wakaondoka wawili. Walipita juu ya mawe na mchanga wa mlima wa moto, katika giza, hewa ikizidi kuwa nyepesi, hata walipumzika kila baada ya hatua chache. Asubuhi wakaufikia mto wa barafu, ambao baadaye Meyer aliuita kwa jina la Ratzel. Mtelemko wake ulikuwa mkali, na barafu ngumu ya rangi ya buluu. Wakavaa miwani myeusi, kwa maana mwangaza wa theluji hupofusha macho, wakajifunga kamba, Purtscheller akatangulia na shoka. Kila kidato kimoja kilihitaji mapigo ishirini hivi. Wale wanaojua kazi ya shoka, na waseme wenyewe ilivyo kupiga mapigo ishirini kwa hatua moja, mahali ambapo hata kuinua mkono kwachosha! Mwenye kufuata aliweka mguu katika kidato, akangoja, akaweka wa pili. Kuume ulikuwako mtelemko usio na kizuizi, na chini yake majabali.

Walipoupita ukuta ule, juu yake barafu iliyochakaa kwa jua ilikuwa imejaa mashimo na makali, wakawa wakizama mara kwa mara. Mchana wakafika penye ukingo. Tazama, mbele yao kulifunguka shimo kubwa la Kibo, ambalo hakuna habari iliyoandikwa ya mtu aliyelitazama kabla yao. Lakini wakaona pia kwamba kilele cha juu kabisa hakipo pale, bali upande wa kushoto, mwendo wa saa moja na nusu hivi.

Sisi twalistaajabia neno hili kuliko yote ya safari hii: waligeuka. Miaka miwili ya gharama, minyororo ya Pangani, na sasa kilele chaonekana kwa macho, nao wakarudi chini! Nguvu zao zilikuwa zimekwisha, mawingu yalikuwa yakipanda, na kulala juu pasipo kinga ni kufa. Wakashuka kwa vidato vyao vile vile, wakafika kambini usiku.

Wakapumzika. Tarehe 5 wakapanda kidogo, wakalala chini ya mwamba uliokuwa na nafasi kama pango, ili kupunguza mwendo wa siku ya pili. Tarehe 6 Oktoba, saa tisa usiku, wakaondoka. Walipofika penye barafu wakakuta vidato vya siku tatu zilizopita vingali vizima, vimeganda imara, kazi ya shoka ikawa ndogo. Saa tatu kasorobo asubuhi walikuwa ukingoni, na saa nne na nusu Meyer akakanyaga kilele. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Purtscheller, alikuwa akitimiza miaka 40.

Meyer akasimika bendera ya Wadachi, akakiita kilele kwa jina la Kaisari Wilhelm, akaokota jiwe. Jiwe hilo akampa Kaisari, nalo likatiwa katika ukuta wa jumba lake huko Potsdam. Hatuwezi kupita hapa kimya. Mlima ulikuwa na watu wake, wenye mashamba yao, mifereji yao na wamangi wao, na majina waliyoupa tangu kale. Hakuna aliyewauliza. Meyer aliona ni fahari ya taifa lake kwamba mlima mrefu wa nchi zilizotawaliwa na Ujerumani upandwe kwanza na Mjerumani, na katika hilo alikuwa mtu wa siku zake, wala hakuwa bora kuliko wenzake. Jina lile lilidumu hata uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, ndipo kilele kikaitwa Uhuru. Tena wazee wa Marangu husimulia kwamba mtu wa kwao, Yohani Kinyala Lauwo, aliwaongoza mabwana wale mlimani, naye aliheshimiwa sana katika sikukuu ya miaka mia ya safari ile, mwaka 1989.

Baada ya Kibo wakajaribu Mawenzi mara tatu, lakini miamba yake inavunjika mkononi, na ncha yake ya juu ikawashinda. Leo ncha hiyo ina jina la Hans Meyer, ingawa hakufika. Waliofika kwanza ni Eduard Oehler na Fritz Klute, mwaka 1912. Kisha wakarudi Kibo upande wa kaskazini mashariki, wakapita penye pengo la ukingo, wakaingia ndani ya shimo lenyewe.

Purtscheller akarudi shuleni kwake. Aliendelea kupanda, na watu waliomhesabia vilele vyake walitaja zaidi ya 1,700. Mwaka 1899, alipokuwa akishuka kutoka mlima Dru huko Ufaransa, alianguka akaumia vibaya. Alilazwa miezi mingi, na alipokuwa karibu kupona akapatwa na homa ya mafua, akafa katika mji wa Bern tarehe 3 Machi 1900. Mtu aliyeokoka milima elfu na zaidi akachukuliwa na mafua.

Meyer aliishi miaka mingi baada yake. Mwaka 1898 alirudi Kilimanjaro pamoja na mchora picha Ernst Platz, akauzunguka mlima na kupanda tena Kibo. Aliporudi penye njia zake za zamani alishangaa kuona barafu imepungua sana katika miaka tisa tu, na lile pengo la ukingo limepanuka. Akaliandika jambo hilo kwa bidii, nalo lasomwa hata leo na wenye elimu ya hali ya hewa. Mwaka 1903 alikwenda Ecuador kupima mito ya barafu ya Chimborazo na milima mingine, na mwaka 1911 akasafiri mpaka Ruanda na Urundi, akatunga kitabu kikubwa juu ya watu wa Urundi kilichotolewa mwaka 1916. Mwaka 1915 alifanywa profesa wa jiografia ya makoloni huko Leipzig. Makoloni yenyewe yakatoka mikononi mwa Wadachi baada ya miaka michache, naye akabaki akifundisha juu ya nchi zisizokuwa tena zao. Alikufa Leipzig tarehe 5 Julai 1929, umri wake miaka 71.

Oehler na Klute walipoupima mlima mwaka 1912, barafu yake ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Ilipopimwa mwaka 2011, haikufika 2. Ule mto wa Ratzel, ambao Purtscheller aliukata kidato kwa kidato, umebaki vipande. Mgeni anayepanda leo kwa njia ya Marangu huufikia ukingo juu ya changarawe na vumbi, na siku nyingi hahitaji shoka wala chuma chenye meno. Lakini theluji mpya ikianguka usiku, na alfajiri ikagandishwa na upepo, vijana wetu wachukuao mizigo hupita juu yake kwa viatu walivyo navyo.